Fyuzi ya taa za nyuma inakatika kila mara: tuisake shoti ilipo

Swali

Shikamoo fundi. Nina Toyota IST, naitumia kupeleka vyakula vya oda kutoka Tabata hadi Posta na Kariakoo. Tangu masika yaanze, fyuzi ya taa ndogo (kwenye kava imeandikwa TAIL, 10A) inakatika. Nikiweka mpya inaweza kukaa siku mbili, au ikakatika jioni hiyohiyo. Ikishakatika, taa ndogo za mbele, taa za nyuma na za plate namba zinazima, na dashibodi inakuwa giza. Taa kubwa na za breki zinabaki. Fundi wa kwanza aliweka fyuzi ya 20, nikasikia harufu ya plastiki nikaitoa. Wa pili anasema swichi ya taa imekufa, tununue nyingine na tubadilishe na rilei yake. Mwaka jana nilifungiwa redio mpya yenye kamera ya nyuma. Je, ni maji ya mvua? Ninunue hiyo swichi?

Msomaji, Tabata

Jibu

Marahaba, mwanangu. Swichi usinunue, na rilei usinunue. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoweza kukata fyuzi hiyo.

Ufuate umeme unavyotembea. Unatoka kwenye betri, unaingia kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), unapita kwenye fyuzi, halafu ndipo unagawanyika kwenda kwenye balbu za mbele, za nyuma, za plate namba na za dashibodi. Fyuzi inakatwa na kilichoko baada yake. Rilei iko kabla. Na swichi ya taa pale kwenye usukani, katika Toyota nyingi za rika la IST, haibebi kabisa umeme wa taa hizo; kazi yake ni kuipa rilei ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, ili iunganishe umeme wa taa. Swichi ikifa, taa zitagoma kuwaka au zitagoma kuzima. Anayetaka kukuuzia swichi kwa sababu fyuzi imekatika anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako.

Sasa hesabu ndogo, maana inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Taa ndogo mbili za mbele, mbili za nyuma, na za plate namba: kila balbu ni wati 5. Tuseme zote ni sita, yaani wati 30. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 2.5. Ongeza taa za dashibodi, za vitufe vya AC na za redio, bado ni shida kufika 4. Fyuzi ya 10 ina nafasi kubwa sana hapo. Kwa hiyo ikikatika si kwamba ni ndogo, wala si kwamba imechoka. Kuna mahali waya wa moto unagusa bodi ya gari, au unagusana na waya mwingine usiouhusu.

Na hapo ndipo ile fyuzi ya 20 inaponitia hofu. Fyuzi haikuwekwa kulinda balbu; imewekwa kulinda waya. Nyaya za taa ndogo ni nyembamba, na kiwanda kilizichagua kikijua kwamba ampea 10 ndiyo mwisho wa safari. Shoti kamili, shaba tupu kwenye bodi, itaikata hata ya 20 papo hapo. Hatari iko kwenye shoti ya nusunusu, waya uliochubuka unaogusa kidogo na kuvuta, tuseme, ampea 15. Fyuzi ya 10 isingevumilia. Ya 20 inakaa kimya, na wati 180 zinageuka joto ndani ya fungu la nyaya lililozungushiwa tepu nyuma ya dashibodi. Balbu tatu za taa kubwa kwa pamoja zinakula kiasi hicho. Harufu uliyoisikia ilitoka huko, na uliitoa kwa wakati. Siku hizi unaweza kujikagulia mwenyewe bila kusoma namba: ya 10 ni nyekundu, ya 15 ni bluu, ya 20 ni njano. Kwenye nafasi hiyo ikae nyekundu tu. Ukimwona mtu anaviringisha uzi wa shaba kwenye miguu ya fyuzi iliyokatika ili "ufike nyumbani", chukua funguo zako uondoke.

Umeuliza kuhusu mvua. Maji ya mvua peke yake si rahisi yakate fyuzi ya ampea 10 kwenye umeme wa volti 12, kwa sababu hayapitishi umeme wa kutosha. Kinacholetwa na maji ni kutu. Unafungua konekta unakuta unga wa kijani, taa inafifia au inazima kabisa, na fyuzi ni nzima. Kwetu huku pwani, kwenye hewa yenye chumvi, hayo tunayaona kila wiki. Lakini masika yanaweza kuwa yamechangia kwa njia nyingine. Mawingu yakitanda unawasha taa mchana, kwa hiyo mfumo huu unakaa na umeme saa nyingi kuliko ulivyozoea. Na mashimo yanaongezeka barabarani, gari linatikisika. Waya uliochubuka tangu zamani unapata nafasi ya kugusa.

Katika yote uliyoniandikia, lenye thamani kubwa kuliko mengine ni kwamba fyuzi mpya inaweza kukaa siku mbili. Shoti ya kudumu ingeikata sekunde uliyowasha taa. Yako inakuja na kuondoka, na mara nyingi maana yake kuna kitu kinachosogea: waya unaojikunja, unaosugua, au unaosukumwa. Kwa hiyo kabla ya kufungua hata skrubu moja, swali la kujiuliza ni lini inakatika. Ulikuwa umetoka kufunga mlango wa nyuma? Ulipita kwenye tuta? Ulikanyaga breki? Ulibonyeza kitu kwenye redio? Wateja wengi huniambia "inakatika tu", lakini wakianza kuangalia kwa siku mbili tatu wanagundua kwamba haikatiki hivihivi.

Angalia pia fyuzi yenyewe iliyokatika, kwenye kile kidirisha cha plastiki. Kama uzi umelipuka na kuacha weusi ndani, ni shoti kali, waya umegonga bodi waziwazi. Kama uzi umeyeyuka taratibu na plastiki imebaki safi, mzigo ulizidi kwa kiasi. Fyuzi haikatiki mara tu unapovuka namba yake: ikibebeshwa mara mbili huungua ndani ya sekunde chache, ila ikizidishiwa theluthi hivi inaweza kuvumilia dakika kadhaa.

Kuna jaribio moja la bure la kufanya leo usiku. Taa ndogo zikiwa zimezimwa, kanyaga breki ukiangalia dashibodi. Ikiwaka, au mtu aliyesimama mbele ya gari akiona taa ndogo za mbele zinawaka, basi umeme wa breki unavuja kuingia kwenye mstari wa taa ndogo. Mara nyingi chanzo ni balbu ya nyuma. Balbu inayofanya kazi ya taa ya nyuma na breki kwa pamoja ina nyuzi mbili, wati 21 na wati 5, kila uzi na mguso wake chini. Mtu akilazimisha ya uzi mmoja kwenye soketi hiyo, inaweza kuunganisha njia zote mbili. Hapo kila unapowasha taa ndogo unawasha na taa zote za breki, na ampea zinapanda kukaribia 10. Fyuzi itakaa siku mbili kisha itakata. Jaribio hili likileta jibu, badilisha balbu na kazi imeisha.

Lisipoleta jibu, ninakoshuku mimi ni mlango wa nyuma.

IST ina mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na taa za plate namba zimekaa kwenye mlango huo. Umeme wake unavuka kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni kupitia mpira ulio kama bomba, pale juu karibu na bawaba. Kila ukifungua na kufunga, nyaya zilizomo ndani ya mpira huo zinakunjwa mahali palepale. Gari la mtu wa kwenda kazini na kurudi linafungua mlango huo mara chache kwa wiki. Wewe unaufungua kwa kila oda. Halafu mwaka jana aliyekufungia kamera alihitaji kupitisha waya mmoja zaidi, na njia rahisi ni kuusukuma ndani ya mpira huohuo, mara nyingi kwa waya mgumu wa kuvutia. Nyaya zilizokuwa na nafasi ya kujikunja sasa zimebanana. Ganda la plastiki linapasuka, shaba inachungulia, na siku mlango ukifungwa kwa namna fulani shaba inagusa chuma cha bodi au inagusa waya wa ethi ulio jirani.

Chomoa ncha mbili za mpira huo kwa vidole, zinatoka bila kukata chochote, uuvute nyuma uone nyaya. Usiridhike kwa kuzitazama zikiwa zimelala. Kunja mmoja baada ya mwingine, polepole, kwa urefu wote wa sehemu inayojikunja, maana ufa mwembamba hauonekani mpaka waya upinde.

Mshukiwa wa pili ni redio. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa na redio ambayo FM yake imeanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zimetapakaa hadi 108. Ndiyo maana karibu kila gari lililoshuka bandarini limewahi kuguswa nyuma ya redio, na wengi waliogusa hawakuwa na soketi sahihi, wakakata soketi ya kiwanda na kusokota nyaya kwa mkono. Kwenye soketi hiyo kuna waya mmoja unaotoka kwenye mstari wa taa ndogo; kazi yake ni kuijulisha redio kwamba ni usiku ili ipunguze mwanga. Redio nyingi mpya zinafanya kazi bila waya huo, kwa hiyo fundi anauacha ukining'inia, saa nyingine bila hata tepu. Kasha la redio ni chuma, vishikio vyake ni chuma, vyote ni ethi. Gari likitikisika, unagusa. Toa redio, tafuta kila ncha isiyounganishwa na kitu, ifunge vizuri moja moja.

Baada ya hao wawili, ndipo uangalie soketi za balbu moja moja, hasa kama umewekewa balbu za LED za bei ya chini, ambazo nyingine zinapata shoti ndani yake zenyewe. Na kama gari limewahi kugongwa mbele na bampa kufunguliwa, angalia kama kuna waya uliobanwa nyuma ya taa wakati wa kurudishia.

Sasa namna ya kuinasa bila kumaliza boksi la fyuzi. Chukua balbu ya taa kubwa iliyotumika, ile ya wati 55 au 60, hata kama uzi wake mmoja umekufa, ili mradi mwingine ni mzima. Chukua na moja ya fyuzi zako zilizokatika, vunja plastiki yake, ulehemu waya kwenye kila mguu, na nyaya hizo mbili uzifunge kwenye balbu. Ukichomeka miguu hiyo kwenye nafasi ya fyuzi, balbu inakuwa imesimama njiani. Shoti ikitokea, badala ya kitu kukatika, balbu inawaka kwa nguvu zake zote, na umeme hauwezi kuzidi ampea 5 hivi, kiasi ambacho nyaya zako zinakibeba bila taabu. Shoti ikiondoka, balbu inazima. Unaiona shoti kwa macho.

Kuna jambo ambalo wanaoonyesha njia hii kwa haraka hulisahau: toa kwanza balbu zote za taa ndogo, mbele, nyuma na plate namba. Zikiwemo, umeme unapita kwenye balbu yako kwenda kwao, na balbu yako itawaka kiasi hata gari likiwa zima kabisa. Hapo utaona shoti isiyokuwepo. Zikishatoka, kinachobaki ni taa za dashibodi, na hizo zinaweza kuifanya ing'ae kwa mbali sana. Hilo puuza. Unatafuta mwanga kamili.

Fanya kazi hiyo kivulini au jioni. Washa taa ndogo, mwache mtu akiitazama balbu, wewe zunguka gari. Fungua na kufunga mlango wa nyuma. Shika ule mpira uukunje huku na huku. Sukuma redio ndani, ivute nje. Tikisa kila soketi. Atakapopiga kelele "imewaka!", acha mkono wako hapohapo ulipo. Ikitokea balbu inawaka moja kwa moja bila kuzima, afadhali zaidi: chomoa soketi ya redio, halafu konekta ya mlango wa nyuma, halafu ile ya nyaya zinazokwenda nyuma ya gari, moja moja. Itakayoizima ndiyo yenye tawi lenye shoti. Balbu hiyo inapata joto kali, kwa hiyo iweke juu ya kigae au bati, si kwenye kiti wala zulia. Na gari lisiende barabarani usiku likiwa hivyo, kwa kuwa nyuma halina taa.

Wengi watakuambia utumie mita ya kupimia umeme, uiweke kwenye mlio, mguu mmoja kwenye fyuzi na mwingine kwenye bodi. Mita ni chombo kizuri, ila hapa inadanganya haraka. Uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, kama sehemu ya kumi ya ule wa uzi unaowaka. Balbu sita za wati 5 zikiwa baridi na zimekaa pamoja zinasomeka chini ya omu 1, na mita inalia kana kwamba umekuta shoti. Nimeona dashibodi nzima ikishushwa kwa sababu ya mlio huo, na gari halikuwa na kosa upande huo. Mita itumie balbu zikiwa nje, taa zikiwa zimezimwa. Na usithubutu kuiweka kwenye ampea na kuichomeka mahali pa fyuzi wakati bado unatafuta shoti, utaunguza mita.

Ukiupata waya, usiishie kuuzungushia tepu palepale. Sehemu iliyopasuka kwa kukunjwa itapasuka tena, na tepu ya nyumbani kwa joto la Dar inageuka gundi ndani ya miezi michache. Kata kipande chote kinachopita ndani ya mpira, weka waya mpya wa magari wenye nyuzi nyingi laini, wenye unene uleule au zaidi kidogo, na urefu uliolegea kidogo. Maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, wanauza kwa urefu unaotaka. Usikubali waya mgumu wa kufungia nyumba. Viungio vyake vikae nje ya sehemu inayojikunja, kimoja ndani ya bodi na kingine ndani ya mlango, kwa sababu mahali palipolehemiwa ni pagumu na pakikunjwa panakatika. Kama ni nyaya kadhaa, viungio visilingane pamoja, kila kimoja kipishane na mwenzake, na kila kimoja kivalishwe kimpira chake kinachosinyaa kwa joto. Waya wa kamera utafutie njia yake, au utoe mpira huo uweke mpana zaidi.

Rudisha balbu zote. Sasa ndipo mita iwekwe kwenye ampea, mahali pa fyuzi, taa zikiwaka: usome 3 au karibu na hapo. Ukisoma 7 au 8, bado kuna kitu. Namba ikiwa sawa, toa mita, weka fyuzi nyekundu, uzunguke na gari siku kadhaa taa zikiwa zimewashwa, pamoja na njia mbovu za huko kwenu, kabla ya kurudishia kava zote.

Limebaki moja, na hili usiliache hata fyuzi ikiacha kukatika. Zile dakika ambazo fyuzi ya 20 ilikuwa ndani, kuna waya ulipata joto mpaka ukanuka. Mwambie fundi aanzie nyuma ya kisanduku cha fyuzi afuate mstari huo mpaka kwenye shoti, akipapasa fungu kwa vidole. Akikuta mahali pagumu, pamekauka au pamevimba, tepu ifunguliwe pale, hata kama nje panaonekana pazuri. Nyaya zilizoshikana kwa kuyeyuka lazima zitenganishwe na zilizoungua zibadilishwe, la sivyo utarudi na shoti nyingine kwenye mfumo mwingine. Na kama fungu hilo limelala pamoja na nyaya au konekta za njano, hizo ni za eabegi (airbag). Betri ichomolewe, asubiri dakika chache, na asiziguse kwa balbu ya kupimia wala kwa mita.